Kiganja na Pua ya Tela

Jumamosi, tarehe kumi na nne ya mwezi wa nane. Saa moja kasoro robo asubuhi tela lilisukumwa kutoka ubavuni mwa nyumba hadi mbele ya lango. Saa moja na dakika ishirini likaunganishwa na pikapu. Saa moja na nusu likatoka. Na saa mbili kamili lilikuwa limerudi. Katika nusu saa hiyo lilikwenda kilomita sita na kuyumba mara mbili, na dereva mstaafu aliyeendesha malori kwa zaidi ya miaka thelathini alilazimika kuegesha kando ya barabara, akateremka, akakaa juu ya jiwe na kuvua kofia.

Dereva huyo alikuwa shemeji wa mwenye tela, mdogo wa mkewe. Hakuwa mtu wa kutishika upesi. Lakini waliporudi uani alizima injini, akabaki ameshika usukani kana kwamba gari lilikuwa bado linakwenda.

"Shemeji," alisema hatimaye, "mimi nimevuta saruji, nimevuta mbao, nimevuta ng'ombe. Ng'ombe wana fujo zao, lakini hata ng'ombe wana adabu kuliko hili dude lako."

"Ni upepo," alijibu mwenye tela.

"Upepo gani? Hukuuona moshi wa tanuri la matofali? Umesimama wima kama nguzo ya simu."

"Basi ni pikapu yako. Springi zimechoka."

"Zimechoka leo tu, zilipoliona tela lako? Mteremko ule nausafiri kila wiki. Leo mkia umetaka kukipita kichwa." Akavaa kofia yake, kisha akaivua tena. "Nisikilize vizuri. Dada yangu simpeleki popote na kitu hiki mpaka kitulie. Na kama hakitatulia, safari hakuna. Nimemaliza."

Mwenye tela aliinama, akajifanya anakagua nati za gurudumu ambazo alizikaza kwa mkono wake mwenyewe asubuhi ile.

Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye umri wa miaka sitini na tisa, na mtaa mzima ulimwita Fundi Kiganja. Jina hilo hakujipa. Alilipata ujanani kwa sababu hakupenda kupima kitu kwa kingine chochote isipokuwa mkono wake. Ukimletea kipande cha nondo, alikipakata kiganjani, akakirusha kidogo kama mtu anayebembeleza mtoto, kisha akakutajia uzito wake. Ukikipeleka kwenye mizani, ulikuta kakosea kidogo sana, au hakukosea kabisa. Vijana wa gereji waliwahi kumwekea mtego kwa kuujaza mchanga mrija wa chuma na kuziba ncha zote mbili. Aliunyanyua mara moja, akausikiliza, akawaambia, "Nendeni mkaumwage huo mchanga, kisha mrudi tuzungumze habari ya chuma."

Hata mke alimpata kwa kiganja hicho. Binti mmoja alikuwa mpimaji katika duka kubwa la nafaka, na alikaa siku nzima nyuma ya mizani ya chuma yenye jukwaa na mkono mrefu wa shaba. Fundi aliitwa siku moja kuunga mguu wa mizani hiyo uliokatika. Alipokuwa akilisogeza gunia lililoegemea ukutani, alisema, bila hata kugeuka, "Dada, gunia hili limepungua kilo mbili." Binti alikasirika. Alilipima mwenyewe, mara moja, halafu mara ya pili, na lilikuwa limepungua kilo mbili kasoro kidogo. Hakuomba radhi. Alimtazama tu yule fundi kwa muda mrefu na kumuuliza, "Na mimi je?" Fundi akasema kitu kama hicho hakipimwi kabla ya kutoa mahari. Tangu siku hiyo, katika ndoa yao ya miaka arobaini na moja, yeye alimwita mkewe Bibi Kilo, naye mkewe alimwita Bwana Kiganja. Na kila kitu kilichoingia nyumbani mwao, kuanzia tikiti maji hadi watoto wachanga, kilipimwa mara mbili: kwanza kwa mkono, halafu kwa mizani, ili ijulikane siku hiyo mshindi ni nani.

Tela lilijengwa mwaka aliozaliwa mtoto wao wa tatu. Fundi Kiganja alipata ekseli ya pikapu iliyoungua, akaisafisha, akaichomelea fremu ya pembe za chuma, akaisimamishia kuta za plaiwudi na paa la bati lililopinda kidogo katikati ili maji ya mvua yasituame. Rangi ilikuwa ya kiini cha yai, masalio ya ile iliyopakwa milango ya shule. Ndani mlikuwa na kitanda kimoja kirefu kilichokuwa pia kasha la nguo, meza iliyokunjwa ukutani kwa bawaba, na dirisha dogo ambalo kila mtoto aliamini kuwa ni lake. Kila likizo ndefu walilifunga nyuma ya gari kuukuu na kwenda nyanda za juu kwa dada mkubwa wa Bibi Kilo, safari ya siku mbili kwa mwendo wao. Walipumzika walipochoka na kulala ndani ya tela, watoto wamebanana kama dagaa koponi, mwenye kugeuka akiwageuza wote.

Asubuhi ya safari ilikuwa na utaratibu wake, na hakuna aliyethubutu kuuvunja. Mizigo ikishapakiwa, injini haikuwashwa kwanza. Watoto walisimama kwenye mstari na kunyamaza. Baba yao aliikamata pua ya tela, yaani ule mkono wa mbele wenye kikombe cha kufungia kwenye gari, akainua kwa mkono wa kulia peke yake. Fundi yeyote wa matela anajua kwamba pua isiwe nzito mno, ikakilaza kisigino cha gari, wala isiwe nyepesi, kwa maana tela lenye pua nyepesi huendesha mambo yake lenyewe. Kati ya kila kilo kumi za mzigo, moja hivi iegemee gari. Fundi Kiganja aliijua hesabu hiyo, lakini hakuwahi kuifanya. Pua ikipanda bila shida, alimwambia mtoto mmoja asogeze ndoo mbele. Ikikataa kunyanyuka, alisema godoro lirudishwe nyuma. Na ikipanda mpaka kwenye goti kisha ikagoma, aliiachia taratibu, akajipangusa mikono, akasema neno moja:

"Limekaa."

Hapo watoto walipiga kelele, "Twende!" na kuparamia gari. Kwa miaka kumi na minne tela halikuyumba hata mara moja.

Watoto walikua, wakaoa na kuolewa, gari kuukuu likafa kifo cha kawaida, na tela likabaki ubavuni mwa nyumba chini ya turubai. Kuku walitagia chini yake. Mara moja moja Fundi Kiganja alilifunua, akaligonga kwa vidole kama mtu anayebisha hodi, kisha akalifunika tena.

Mwaka huu lilifunuliwa kwa sababu. Dada wa nyanda za juu alikuwa akipoteza macho. Daktari alisema huenda mwisho wa mwaka ukamkuta gizani. Habari ilikuja kwa simu, na Bibi Kilo aliisikiliza akiwa amekaa kwenye kiti chake kirefu cha uani, mguu wa kulia umenyooshwa juu ya kigoda, kwa maana goti lile lilikuwa limekataa kukunjika kwa mwaka wa tatu sasa. Alipomaliza, aliiweka simu mapajani.

"Nataka nimwone," alisema.

"Utamwona."

"Hapana, hujanielewa. Kumwona mimi nitamwona hata mwakani. Nataka anione yeye."

Basi la masafa hangeliweza. Nafasi ya mguu haikuwapo. Katika pikapu ya mdogo wake angeweza kukaa mbele na kunyoosha mguu, lakini si zaidi ya saa moja bila kujilaza. Na huko mwisho wa safari, nyumba ya dada ilikaa juu ya ngazi ndefu za mawe ambazo goti lake lisingezipanda. Bila kitanda cha kusafiri nacho, na cha kulalia wafikapo, safari ilikuwa maneno tu. Ndipo Fundi Kiganja alipoondoa turubai, akawafukuza kuku, na kwa wiki tano mtaa ukasikia tena mashine yake ya kuchomelea ikilia.

Alilifanyia tela kazi ambayo hakuwahi kumfanyia mteja yeyote. Mlango wa ubavuni aliuziba, kwa kuwa ulikuwa na vidato viwili vya kupanda, akakata mwingine nyuma kabisa, mpana, wenye ubao mpana wa kupandia unaoshuka polepole hadi ardhini. Kitanda cha kale alikivunja, akajenga kingine cha chini, akakiweka pale pale mlangoni, ili mkewe ageuke tu, akae, na miguu iingizwe ndani. Asitembee hata hatua moja. Chini ya kitanda alitia tangi la maji, ili bomba liwe karibu na mkono wake. Kila kitu kilimfuata mgonjwa alipo. Bibi Kilo alikuwa akiitazama kazi hiyo kutoka kitini, na mara kwa mara alisema, "Baba, mbona vyote unavijaza nyuma?" naye alijibu, "Wewe lala, mengine niachie."

Kazi ilipokwisha aliikamata pua kwa mkono wa kulia. Ilikataa kunyanyuka. Alipeleka mtungi wa gesi nyuma. Ikanyanyuka kidogo. Akahamisha sanduku la vifaa, halafu gurudumu la akiba. Jasho lilimtoka. Mwishoni pua ilipanda mpaka kwenye goti, ikagoma pale pale kama zamani, naye akaiachia na kujipangusa mikono.

"Limekaa," alisema.

Na siku iliyofuata lilikwenda kilomita sita na kumvua shemeji kofia.

Wiki iliyofuata ilikuwa wiki ya visingizio. Fundi Kiganja alibadilisha matairi. Alijaza upepo, akaupunguza, akaujaza tena. Alifungua springi zote mbili, akaongeza jani moja la chuma kila upande. Alipaka grisi kwenye kikombe mpaka ikamchuruzika viwikoni. Kila alipomaliza aliinua pua kwa mkono wa kulia, na kila mara ilimpa jibu lile lile: gotini, kisha basi. Jumatano shemeji alikubali kulijaribu tena, polepole, kwenye barabara tambarare ya nyuma ya ghala. Hawakukawia kurudi.

"Limetulia?" aliuliza Bibi Kilo kutoka kitini.

"Limetulia kama mlevi aliyeambiwa asimame kwa mguu mmoja," alisema mdogo wake. "Dada, nakupenda, lakini mimi sitaki kuja kueleza watu."

"Kueleza nini?"

"Kwamba nilijua."

Fundi Kiganja aliingia ndani ya tela na kukaa kwenye kile kitanda kipya. Harufu ya mbao iliyorandwa ilikuwa bado mbichi, lakini chini yake ilikuwapo harufu nyingine, ya zamani: ya nguo za watoto zilizonyeshewa na mvua na kukaukia humo humo. Kwenye kipande cha ukuta ambacho hakukigusa palikuwa na mikwaruzo ya msumari, mistari mitatu, kila mmoja ukiwa kimo cha mtoto mmoja katika likizo moja. Mstari wa chini kabisa ulifika kwenye kiwiko chake. Mwenye mstari huo sasa alikuwa na upara. Kuta zile zilikuwa zimepita madaraja, matope, miteremko yenye mawe, zikiwa na watu watano ndani ya ahadi ya neno moja tu, na neno hilo halikuwahi kuwa uongo. Alijiuliza limekuwaje uongo sasa.

Nje, Bibi Kilo alikuwa kwenye simu na mtoto wa mwenye lile duka la nafaka. Sauti yake ilikuwa ile ya dukani, ya kuzungumza na wachuuzi.

"Ndiyo, mwanangu, ile ya zamani. Ya jukwaa. Najua mnayo ya umeme, mimi nataka ile yangu. Marehemu baba yako aliniambia haitauzwa nikiwa hai, na mimi bado nahema. Mjomba wako anakuja na pikapu." Akakata simu. Akamwambia mdogo wake, "Nenda."

"Niende wapi?"

"Kwenye duka la nafaka. Ukalete mizani."

Fundi Kiganja alitoka mlangoni mwa tela, akiwa ameinamisha kichwa chini ya ukingo wa paa.

"Mizani ya nini?"

"Ya kupimia."

"Unataka kupima kazi yangu?"

"Miaka arobaini na moja napima kazi yako, Bwana Kiganja. Leo ndiyo umeona vibaya?"

"Leo si mchezo."

"Hata mimi sichezi."

Mizani ilifika kabla ya adhuhuri, imelala pikapuni kama mgonjwa, imefunikwa magunia. Ilikuwa ile ile. Mguu wa nyuma ulikuwa na kovu la weldi la ujana wake, nene kuliko ilivyotakiwa. Wakati ule alikuwa bado hajajifunza kubana moto. Aliligusa kwa kidole gumba. Mkewe alimwona akiligusa.

Wakaisimamisha mbele ya tela, wakaweka gogo juu ya jukwaa, na pua juu ya gogo. Bibi Kilo alisaidiwa kusogea karibu. Kwa ncha ya kidole alisukuma kijiwe cha shaba kwenye mkono wa mizani, akakirudisha, akakisukuma kidogo tena, mpaka mkono ukaelea pasipo kugusa juu wala chini. Ulikuwa mwendo alioufanya mara elfu nyingi, na kidole hakikuwa kimeusahau.

"Ishirini na sita," alisema.

"Si kweli," alisema mumewe.

"Ishirini na sita, Baba."

Tela zima, kwa hesabu ya vyuma, mbao, maji na godoro, halikupungua kilo mia sita. Pua ilitakiwa kuegemeza sitini na ushei. Hesabu hiyo haikuhitaji karatasi. Hata shemeji, aliyeegemea lango, aliifanya kichwani, akaacha kuchezea funguo.

"Mizani imeharibika," alisema Fundi Kiganja. "Imekaa stoo miaka mingi, imepigwa na vumbi. Mkono wangu hauwezi kukosea kwa zaidi ya nusu. Haujawahi."

Bibi Kilo alinyoosha kidole kuelekea ukutani, kwenye ndoo ya kokoto iliyotumika kuzuia lango lisijifunge. "Nyanyua ile. Uniambie."

Alikwenda akainyanyua. Alifanya kama alivyofanya siku zote: alisimama wima, akaiacha ining'inie, akafumba macho, akausikiliza uzito ukipanda kutoka kwenye vidole hadi begani. Kuku mmoja alikuwa akiparura chini ya tela, mahali pake pa zamani.

"Thelathini na tano," alisema. "Au thelathini na sita."

Shemeji akaipokea, akaiweka jukwaani. Kijiwe cha shaba kikasogea, kikarudi.

"Kumi na tano," alisema Bibi Kilo.

Hakucheka. Ni yeye aliyepaswa kucheka. Kwa desturi ya nyumba yao mshindi alicheka, aliyeshindwa akachemsha chai. Badala yake alivua miwani, akaanza kuisafisha kwa upindo wa nguo, kwa utaratibu mkubwa mno, kana kwamba uchafu uliokuwapo ulikuwa wa miaka.

Fundi Kiganja alibaki amesimama, kiganja kimefunguka mbele yake. Alikitazama kama mtu anayetazama kitu alichoazimwa. Kwa mkono wake, uzito wa kugoma gotini ulikuwa ule ule. Asichokijua ni kwamba kila mwaka aliokuwa akilifunua tela, kuligonga na kulifunika, bega lake lilikuwa likipunguza kipimo bila kumwarifu mwenyewe. Hakuna aliyemdanganya. Aliuliza swali la zamani kwa mkono wa sasa, na mkono ukamjibu kwa kadiri ya uwezo wake. Na kila alipoona pua nzito mno, alikuwa akiupeleka uzito nyuma, kwenye mkia, palipolala kitanda cha mkewe.

"Mizani haijaharibika," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Haijaharibika."

"Ni mimi."

"Ni mkono," alisema Bibi Kilo, akirudisha miwani usoni. "Wewe huna tatizo. Na mkono nao hauna kosa, umezeeka tu, kama goti langu. Mbona goti mnaliletea kigoda, na mkono mnauonea haya?"

Shemeji alijikohoza pale langoni. "Mimi kofia yangu nimekwisha kuivaa," alisema. "Mkitaka tuanze kazi, tuanze."

Jambo moja tu lilibaki, nalo Fundi Kiganja hakulitaka. Ili pua ipate uzito, tangi la maji na mtungi wa gesi ilibidi viende mbele kabisa, hilo halikuwa na ubishi. Lakini havikutosha. Kitanda nacho ilibidi kitoke mlangoni, kisogee mbele ya ekseli. Na kitanda kikisogea, ingembidi mgonjwa aingie ndani na kutembea.

"Hatua nne," alisema, akizihesabu kwa macho. "Hatua nne nzima, na goti hilo."

"Nitazitembea."

"Nilitaka usitembee hata moja."

"Najua. Nimekuona wiki tano ukinitengenezea usafiri kama mzigo wa mayai." Alimtazama, na kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu. "Unaukumbuka mto ule uliofurika? Likizo ya pili, au ya tatu?"

Aliukumbuka. Maji yalikuwa yamefika kwenye mapaja. Alivusha watoto mmoja mmoja, kisha akarudi, akamnyanyua yeye na viatu vyake mkononi, akamvusha akiwa anacheka na kumpiga begani, akimwambia watu wanaona. Upande wa pili, kabla ya kumshusha, alikuwa amemtajia uzito wake mbele ya watoto, kilo kwa kilo, naye hakumsemesha mpaka kesho yake.

"Siku ile sikukuomba unibebe," alisema Bibi Kilo. "Ulinibeba tu. Nilifurahi, sikatai. Lakini sasa, Baba, sitaki kubebwa. Nataka kitu cha kushika."

Alimwelewa. Akaenda kuwasha mashine. Mchana ule na kesho yake alichomelea bomba la chuma kando ya ukuta wa ndani, kutoka mlangoni hadi kitandani, katika kimo cha mkono wa mkewe, si kimo cha kukisia. Alimwita mara tatu asimame, anyooshe mkono, atulie, ndipo akaweka alama. Alilisugua bomba hilo kwa msasa mpaka likawa laini kama mpini wa jembe la urithi. Kitanda kilihamia mbele, tangi likaenda puani, mtungi ukalifuata. Mizani ikasema hamsini na nne. Wakasogeza sanduku la vifaa. Ikasema sitini na tatu.

Jumatatu, tarehe ishirini na tatu, mizigo ilipakiwa kulipopambazuka, na pua ikapimwa kwa mara ya mwisho. Bibi Kilo alisoma kipimo, akakisoma tena, kisha akanyamaza, akisubiri. Hata shemeji hakuwasha injini, ingawa hakuna aliyemweleza utaratibu.

Fundi Kiganja aliinama, akaikamata pua kwa mkono wa kulia, akavuta. Haikupanda hata kidogo. Alibaki ameishika hivyo hivyo kwa muda, ikiwa imetulia mkononi mwake na nzito kama ilivyostahili, kisha akaiachia na kujipangusa mikono.

"Limekaa," alisema.

Na kutoka kwenye kiti cha mbele cha pikapu, mguu umenyooshwa, mwanamke wa miaka sitini na sita alipiga kelele za watoto watatu kwa pamoja: "Twende!"

Mteremko wa tanuri la matofali waliupita kimya. Shemeji alitazama kioo mara moja, mara mbili, halafu akaacha kutazama, akaanza kupiga mluzi. Kila baada ya saa moja waliegesha, na Bibi Kilo alipanda ubao wa nyuma, akashika bomba, akahesabu hatua nne kwa sauti, akajilaza. Mumewe alisimama nje mlangoni, mikono nyuma, akijizuia.

Siku ya pili, jua likielekea kushuka, walifika chini ya ngazi za mawe. Dada alikuwa amekwisha kuteremka. Alikuwa amekaa kwenye kidato cha mwisho tangu mchana, fimbo magotini, na aliposikia mlango wa gari alisimama. Alimshika mdogo wake kwa mashavu yote mawili, akamvuta uso mpaka pua zikakaribia kugusana, akamgeuza kuelekea kwenye mwanga, akamtazama, akamtazama tena.

"Ee Mungu," alisema, "mbona umezeeka hivi?"

Bibi Kilo aliangua kicheko mpaka fimbo ya dada yake ikaanguka chini, na alicheka huku machozi yakimtoka, akasema, "Rudia. Rudia tena ulichokiona."

Wiki mbili dada wawili walilala ndani ya tela, kwenye kitanda kimoja, kama walivyolala utotoni. Fundi Kiganja alipelekwa kulala juu ya ngazi pamoja na shemeji, aliyekoroma kama lori la mizigo.

Mwaka mmoja baadaye dada alikuwa haoni tena. Tela lilikuwa limekwenda kwake mara tatu, kila mara likiwa na kilo sitini na tatu puani, na mizani ya duka la nafaka ilikuwa bado haijarudishwa.